Simu na Kompyuta Zikutane Bila Fundi

Walimu wangu, wanafunzi, na mafundi mlioacha kazi zenu kuja hapa, nawashukuru.

Chukueni mtu mwenye kompyuta ya mezani inayotumia Linux, mfumo endeshi huria, na simu ya Android. Anataka majina na namba za watu, kalenda, picha na nyaraka zake ziwe sawasawa pande zote mbili. Hana haja ya kufungua akaunti kwenye kampuni yoyote, wala haoni sababu ya kuchoma bando kupeleka picha hadi seva ya ng'ambo ili irudi kwenye kompyuta iliyo hatua mbili kutoka alipoketi. Programu huria za kazi hiyo, ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, zipo, hazilipiwi, na zimeandikwa kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo karani wa ushirika, mwalimu wa sekondari na mpiga picha wa harusi bado wanatafuta waya, au wanajitumia faili wenyewe kwa WhatsApp na picha zinapungua ubora njiani.

Mimi naamini sababu ni hii: miaka yote tumeshughulikia safari ya data, na kazi ya kukutanisha vifaa tukamwachia mtumiaji. Chombo kisipomwona mwenzake, yeye ndiye abahatishe kilichoharibika.

Haikuanza hivyo. Mwaka 1996 kompyuta ya kiganjani ya Palm ilikuja na kiweko chenye kitufe kimoja. Unaikalisha, unabonyeza, kazi imekwisha. Kisha mwaka 2000 makampuni yakiwemo Nokia, Ericsson, Motorola na IBM yakaungana kutunga itifaki ya pamoja, yaani kanuni za vifaa kuongea, iliyoitwa SyncML, na watu wa programu huria wakajenga OpenSync ili Linux nayo iongee na simu hizo. Wazo lilikuwa zuri sana: kiini kimoja, na kiungo kidogo kwa kila aina ya simu au kalenda. Lakini tazameni alichotakiwa kufanya mwenye Nokia. Afungue faili la mipangilio la XML, aandike anwani ya Bluetooth ya simu yake, aandike namba ya chaneli, kisha kwenye sehemu ya utambulisho aandike maneno "PC Suite", kwa sababu bila hayo simu ilikataa kuongea. Nani angeyajua hayo? Toleo 0.22 ndilo lililoitwa imara, watengenezaji wakahamia matoleo ya 0.3 wakiahidi usanifu bora, na mtumiaji akabaki katikati, hajui ashike lipi. Mradi ukanyamaza. Naukumbuka kwa heshima, maana waliouandika walikuwa watu hodari, na uhodari wao wote uliishia mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki.

Kwa kalenda na majina ya watu mambo yametengemaa. CalDAV, itifaki ya kalenda, ikawa kanuni rasmi mwaka 2007, CardDAV, ya majina ya watu, mwaka 2011, na leo ukiwa na seva ya Nextcloud, programu huria ya kuhifadhi data zako mwenyewe, kazi inakwenda. Nitakaa zaidi kwenye faili, maana huko ndiko watu wanakoumia.

KDE Connect, programu huria ya kuunganisha simu na kompyuta, ilianza mwaka 2013, mwandishi wake Albert Vaca akiwa mwanafunzi katika mpango wa Google wa majira ya kiangazi, Google Summer of Code. Mkiwa kwenye Wi-Fi moja, simu na kompyuta zinapiga mbiu kwenye mtandao wa ndani, zinasikiana, unakubali kuzioanisha, na faili linapita bila kugusa bando hata kidogo. Kwa watu wanaonunua intaneti kwa siku, hiyo ni faida kubwa. Shida inakuja pale orodha ya vifaa inapobaki tupu. Huenda faiwoli, yaani mlinzi wa mtandao wa kompyuta, imefunga milango ya mtandao kuanzia namba 1714 hadi 1764 ambayo programu inaitumia. Huenda Wi-Fi ya chuo au ya hoteli imewekwa makusudi ili vifaa vya wageni visionane. Hizi ni hali mbili tofauti kabisa, na tiba zake ni mbali na mbali, ila mbele ya mtumiaji zote zinaonekana namna moja: orodha tupu. Anaamua programu ni mbovu, anaifuta.

Hapo ndipo ningetaka nguvu zetu ziende. Kompyuta inaweza kujichunguza faiwoli yake na kusema, "Nimezuiwa, nifungue njia kwa mtandao huu wa nyumbani?" Ikiona njia kwake iko wazi na bado haisikii kitu, iseme, "Huenda Wi-Fi hii inatenganisha vifaa. Washa hotspoti ya simu yako, kisha uunganishe kompyuta hapo." Sentensi mbili hizo zingeokoa watumiaji wengi kuliko kipengele kipya chochote.

Syncthing, programu huria ya kusawazisha folda kati ya vifaa moja kwa moja, ni kazi ninayoipenda mno, na kwa sababu naipenda nitaisema. Kila kifaa kina kitambulisho cha herufi na tarakimu 56, kinachotokana na cheti chake cha usalama, na lazima pande zote mbili zikubaliane. Usalama huo nautetea, na msimbo wa QR umepunguza adha ya kunakili. Lakini baada ya kuoanisha, bado lazima ushiriki folda, uikubali upande wa pili, uchague itakaa wapi, na yote hayo ndani ya kivinjari kwenye anwani 127.0.0.1:8384. Kwa nini kompyuta isiulize tu, "Picha za simu hii ziwe zinakuja hapa?"

Na kuna hatari moja nzito. Mtu akifuta picha kwenye simu ili apate nafasi, folda iliyosawazishwa pande zote itaifuta na kwenye kompyuta pia. Syncthing inao uwezo wa kuhifadhi nakala za zamani, ila folda mpya huanza uwezo huo ukiwa umezimwa. Kwa mhandisi ni uamuzi wa kuokoa nafasi ya diski. Kwa mpiga picha wa harusi ni kazi ya wateja kupotea. Naomba sana uwashwe tangu mwanzo, na anayejua anachofanya ndiye auzime.

Vivyo hivyo faili likihaririwa pande mbili kwa wakati mmoja, Syncthing haipotezi chochote. Inaweka nakala yenye jina lililoongezewa "sync-conflict", tarehe na saa. Ni uaminifu mzuri, lakini kimya. Mwalimu anakuta mafaili mawili ya alama za wanafunzi na hajui lipi ni lipi.

Mwanafunzi mmoja kaniuliza kabla sijasimama: sisi tusioandika Go wala C++, lugha za kuandikia programu, tuanzie wapi? Mketishe mama mdogo au jirani mbele ya kompyuta na simu yake, mpe kazi moja, ahamishe picha, kisha usimsaidie. Andika mkono wake uliposimama, aliposoma neno asilielewe, alipotazama skrini akingoja. Ripoti ya namna hiyo, yenye picha za skrini, watengenezaji wa miradi hii wanaihitaji kuliko pongezi. Nyingine ni tafsiri: ujumbe wa makosa uandikwe kwa Kiswahili cha watu, kisha usomewe mtu kwa sauti kabla haujatumwa. Meza za nyuma zina kompyuta nne na nyaya hazipo. Tuanze na hizo.