Kitambi, misuli na sukari ukishavuka miaka 60

Shikamooni wazee wangu, na nyie mliowasindikiza karibuni sana. Leo tunaongea kisukari lakini naanza na kiuno, kwa sababu sukari ikifika hatua ya kuonekana kwenye kipimo mara nyingi mwili ulishaanza kuharibika miaka mingi nyuma na dalili ilikuwepo pale pale tumboni.

Kupima kiuno kuna namna yake. Usipime pale mkanda unapokaa, wanaume wengi ndo wanapojidanganya, suruali inashuka chini ya kitambi alafu mtu anakwambia saizi yangu ni ile ile ya ujanani. Simama wima, tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho kule pembeni, tafuta na juu ya mfupa wa nyonga, tepu ipite katikati ya hapo, toa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani, ndo usome. Ikizidi sentimita 102 kwa mwanaume au 88 kwa mwanamke hatari ni kubwa, na kuna miongozo inayoanza kushtuka mapema zaidi, 94 kwa baba na 80 kwa mama.

Sasa kitambi hakitembei peke yake. Kuna presha kuanzia 130 kwa 85, kuna mafuta ya kwenye damu yanayoitwa trigliseridi kuanzia milimoli 1.7 kwa lita, kuna ile kolesteroli nzuri ikishuka, na kuna sukari ya asubuhi kabla hujala kuanzia milimoli 5.6 kwa lita. Ukihesabu na kitambi ni vitano, na ukikutwa na vitatu kati ya hivyo, hiyo ndo sindromu ya kimetaboliki. Mwaka 1988 daktari wa Marekani Gerald Reaven alieleza kwamba presha, mafuta na sukari vinaandamana kwa sababu mwili umekuwa sugu kwa insulini, ile homoni ya kongosho inayotoa sukari kwenye damu. Kongosho linajitahidi, linamwaga insulini nyingi zaidi kushinda ule usugu, na kwa muda huo wote sukari yako kwenye kipimo inaweza kusoma kawaida kabisa, mpaka siku kongosho linachoka, na uzeeni linachoka mapema. Kwaiyo mzee anayeniambia "daktari sukari yangu iko sawa" huku presha iko juu na kitambi kipo, namwambia baba hapo bado hatujamaliza kazi.

Alafu kuna hili la misuli, naomba mnisikilize vizuri kwa sababu halisemwi vya kutosha. Insulini ikifanya kazi, sukari nyingi inayotoka kwenye damu inaingia kwenye misuli. Umri ukienda misuli inapungua na mafuta yanachukua nafasi yake, mizani inasoma kilo zile zile za miaka 20 iliyopita na mtu anafurahi hajanenepa, kumbe ndani mwili umebadilika. Hata mzee mwembamba anaweza kuwa hatarini. Jaribu nyumbani, kaa kwenye kiti kisicho na magurudumu, mtu awe karibu yako, kunja mikono kifuani kisha simama bila kushika popote. Ukishindwa, ujue misuli ya mapaja imedhoofika. Na zoezi lenyewe la kuanzia ndo hilo hilo, kukaa na kusimama, mara chache kila siku, unaongeza taratibu.

Wengi wananiuliza, kwa umri huu kuna faida gani? Ipo, na kubwa. Kuna utafiti wa Marekani uliotoa majibu mwaka 2002, watu zaidi ya 3,200 ambao sukari ilishaanza kupanda lakini haijafika kisukari. Kundi moja likapewa metfomini, dawa ya kushusha sukari, lingine likasaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, kutembea kwa haraka tu kunatosha. Kwa wote kwa jumla mazoezi na chakula vilipunguza kuugua kisukari kwa asilimia 58, dawa asilimia 31. Lakini kwa waliokuwa na miaka 60 na kuendelea, mazoezi na chakula vilipunguza kwa asilimia 71! Wazee ndo walifaidika kuliko vijana. Kwa mtu wa kilo 80 hiyo asilimia 7 ni kilo 5 na nusu hivi, sio lazima urudi kuwa kijana. Ila kama tayari umekonda usijinyime chakula, utapoteza misuli, wewe kula protini na fanya mazoezi ya nguvu.

Nyie mnaokaa na wazee, hapa ndo panaponiuma. Mzee mwenye sukari juu anaweza asilalamike kiu, kwa sababu kiu hupungua na umri. Mnachoona ni kukonda, kuamka usiku mara nyingi kukojoa, kuanguka, kuchanganyikiwa, kidonda hakiponi, na nyumba nzima inasema ni uzee. Mpelekeni apimwe. Sukari ya asubuhi ikiwa 7 au zaidi na ikirudiwa siku nyingine iko hivo hivo, hicho ni kisukari.

Na kwa wanaotumia dawa tayari, msishindane kuishusha sana. Insulini na vidonge kama glibenklamidi vinaweza kuiangusha sukari, na mzee anaweza asitetemeke wala kutoka jasho, anaongea tu maneno yasiyoeleweka. Ndo maana mzee dhaifu tunamlegezea lengo, kile kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kikiwa chini ya asilimia 8 hivi tunaridhika. Ukienda kliniki beba dawa zako zote kwenye mfuko, hata za pumu na za maumivu ya viungo, maana prednisoloni inapandisha sukari na daktari hawezi kujua unaimeza kama hujaiweka mezani.