Leo tena kimondo

Wale mliowahi kunisikia najua mnanong'onezana, mzee leo tena kimondo. Eeh, leo tena, mpaka ieleweke kwamba dunia iko nje ya akili zetu, tuione tusiione.

Kuna vijana wakishaonja Berkeley kidogo, yule askofu na mwanafalsafa wa Ireland wa kitabu cha 1710, hawakamatiki. Wananiambia, mwalimu, kitu kuwepo ni kuonwa tu, dunia yote iko akilini. Sawa. Mmoja nikapanda naye kosta ya Tunduma, tukashuka Mbozi tukadaka bodaboda mpaka kwenye kimondo, lile dude la tani kama 16, karibu lote chuma. Nikamwambia haya, liwaze liwe jepesi kama pumba. Akacheka, akalipiga teke, na kavaa makubazi! Kucha ilikaa nyeusi mpaka mtihani.

Msiseme nimeshinda kwa teke. Samuel Johnson, yule mwandishi wa Uingereza, naye alipiga jiwe teke kule Harwich 1763 akadhani kammaliza Berkeley, wapi, maumivu si nayo yamo akilini? Hoja yangu mimi iko chini ya kimondo. Wataalamu walipokiandika 1930, wenyeji walishakijua siku nyingi, ila sehemu yake ilikuwa imefukiwa, huko chini hakuna aliyewahi kupaona. Wakachimba kukizunguka, ndo likatokea tumbo lile. Sasa lile umbo alilichagua nani? Mchimbaji? Mchimbaji alitaka apumzike akale! Na ukienda leo unalikuta lilelile, hata uwe umetoka kunywa ulanzi.

Mtaniambia Mungu alikuwa analiona. Ndo jibu la Berkeley mwenyewe, na mama pale mbele naona umeshakunja uso, Mungu wako simgusi mama. Ila hiyo akili kama si yangu wala yako, haituulizi kitu, tukibisha haibadiliki, basi kwa mimi na wewe kimondo kiko nje tu. Ni kama nyumba ya kupanga, mwenye nyumba mwite jina lolote, kodi utalipa.

Nilitaka nije kwa Descartes, yule mwanafalsafa Mfaransa aliyejiuliza kama yote haya ni ndoto, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Wa kusema tunaishi ndani ya programu ya kompyuta nao niwajibu harakaharaka, hiyo kompyuta yenu iko wapi na umeme inatoa wapi? Mmeshakubali kuna kitu nje.

Maswali. Eti yule wa nyuma kanyoosha mkono, ndo yeye mwenye kucha jamani! Uliza mwanangu, naona leo umevaa buti.