Mbweu Ni ya Nani?

[Muziki wa kufungulia unashuka]

TATU: Tumerudi. Mimi Tatu, huyu ni Mussa, na leo kainama kidogo. Wasikilizaji, mjue kuna video.

MUSSA: Umeiona?

TATU: Nimetumiwa na watu watatu. Wa tatu hata simjui.

MUSSA: Basi nisimulie mwenyewe kabla hujanisimulia vibaya. Jumanne niliitwa kuzungumza na wafugaji. Nina chati yangu ukutani, mstari wa gesijoto za nchi, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, mwaka hadi mwaka, nimejipanga. Nikafika kwenye methani, gesijoto inayotoka kwa mifugo, nikasema kwa kujiamini kabisa: "Ushuzi wa ng'ombe ni tatizo la dunia nzima." Nikanyamaza wacheke.

TATU: Wakacheka?

MUSSA: Kimya. Mzee mmoja kule nyuma akainua fimbo. "Kijana, umewahi kukaa na ng'ombe?" Nikamjibu, "Nimesoma, mzee."

TATU: Ee Mungu wangu, Mussa.

MUSSA: Akasimama. Ukumbi mzima ukasimama. Tukatoka nje, mimi mbele kama mshitakiwa. Ng'ombe kalala kivulini, anatafuna na mbele yake hakuna hata jani. Mzee anasema, tazama shingo. Nikaona donge linapanda kooni, polepole, limefika mdomoni, taya zikaanza kusaga upya. Likamezwa. Kikapita kitambo, shingo ikajinyoosha, pua zikatanuka, ikatoka pumzi moja ndefu, "hooo". Mzee akanigeukia: "Hiyo ndiyo gesi yako. Huko nyuma unatafuta nini?"

TATU: [anacheka, anakohoa] Na mzee kasema kweli. Vijidudu vya tumbo la kwanza ndivyo vinavyotengeneza methani wakati majani yanachacha mle ndani. Zaidi ya asilimia 90 inatokea mdomoni na puani. Ni mbweu.

MUSSA: Najua sasa.

TATU: Lakini usijione peke yako. New Zealand mwaka 2003 serikali ilitaka kuwatoza wafugaji ada ya kugharimia utafiti wa gesi za mifugo. Watu wakaibatiza kodi ya ushuzi. Ikawa vurugu, mbunge mmoja akapandisha trekta kwenye ngazi za Bunge. Ada ikatupwa. Nchi nzima iligombania upande usio sahihi wa ng'ombe.

MUSSA: [anacheka] Mzee yule angewapeleka nje wote.

TATU: Bunge zima, mstari mmoja, kivulini.

MUSSA: Haya, tuwe watu wazima. Leo tulipanga mambo matatu ya kumsaidia msikilizaji kusoma chati ya nchi. La kwanza, mwaka wa kuanzia. Nchi nyingi zilizoendelea zinapimwa kuanzia 1990, kwa sababu mkataba wa tabianchi ulisainiwa 1992 na Itifaki ya Kyoto ya 1997, makubaliano ya kupunguza gesijoto, ikauchukua mwaka 1990 kuwa kipimo. Sasa angalia Urusi: Umoja wa Kisovieti unavunjika 1991, viwanda vinazimika, mstari unaporomoka. Hakuna aliyepanda mti. Ukianza kupima 1990 anaonekana shujaa, ukianza 2000 hadithi ni nyingine.

TATU: Na New Zealand...

MUSSA: Tatu.

TATU: Naingia kwenye mada! Kule kilimo peke yake ni karibu nusu ya gesijoto zote za nchi. Umeme wao mwingi ni wa maji, mvuke wa ardhini na upepo, hawana makaa mengi ya kuzima kama Waingereza. Kwa hiyo mstari wao unafuata malisho. Mwaka 1982 walikuwa na kondoo milioni 70. Kondoo wakapungua mpaka chini ya nusu, ukadhani mstari utashuka. Wapi! Ng'ombe wa maziwa wakatoka milioni 3 na ushei mwaka 1990 mpaka kupita milioni 6 miaka ya 2010. Kondoo katoka, ng'ombe kaingia, na ng'ombe mbweu yake si ya mchezo.

MUSSA: Chati ya mbweu.

TATU: Tena ngoja, hili ulipende. Methani inageuzwa kuwa hesabu ya hewa ukaa, sivyo? Tani moja ya methani ilikuwa inahesabiwa kama tani 25. Sayansi ikasonga, sasa taarifa za kimataifa zinatumia 28. Na kipimo kikibadilika, hesabu inarudiwa tangu 1990. Maana yake ng'ombe wa 1990, ambao wote walishakufa, mbweu zao zimeongezeka.

MUSSA: [anapiga meza] Marehemu anabeua!

TATU: Anabeua kwa bidii kuliko alipokuwa hai. Ndiyo maana mtu akikuletea tarakimu za ripoti ya zamani kando ya tarakimu za ripoti mpya, mwambie arudi akachukue zote kwenye ripoti moja.

MUSSA: Hilo lilikuwa somo la tatu, umelila.

TATU: Pole.

MUSSA: Basi la pili, Uingereza. Mwaka 2012 makaa ya mawe yalikuwa yanatoa karibu asilimia 40 ya umeme wao. Tarehe 30 Septemba 2024 wakafunga kituo cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar. Gesijoto zao leo ni karibu nusu ya zile za 1990. Nchi imepunguza nusu na uchumi umekua. Mimi nasema wapewe haki yao.

TATU: Wapewe ya umeme. Ya vitu siwapi. Viwanda vingapi vilihama? Chuma, nguo, vyombo vya umeme vinatengenezwa China, moshi unaandikwa China, kitu kinavaliwa London. Ukihesabu kwa mnunuzi, mstari wa Uingereza bado unashuka, ila si kwa mteremko ule.

MUSSA: Umeme wa makaa haukuhamia China, Tatu. Ulikufa. Hauwezi kuwashia taa London kwa mtambo wa Shanghai.

TATU: Ndiyo maana nimesema ya umeme nawapa.

MUSSA: Na kiwanda kikihamia China, kodi inakwenda nani? Ajira? China imeipita Marekani kwa hewa ukaa tangu katikati ya miaka ya 2000, na katika muda huohuo imetajirika. Mwenye bomba ndiye mwenye moshi. Yeye ndiye anayeweza kubadilisha mtambo, mnunuzi hawezi.

TATU: Mnunuzi asiponunua, mtambo unazimika wenyewe! Haya, nakurudisha malishoni. Maziwa ya New Zealand, karibu asilimia 95 yanauzwa nje. Mtu yuko bara jingine anakoroga maziwa ya unga. Ile mbweu ni ya nani?

MUSSA: Ya New Zealand.

TATU: Hata tone la maziwa hawajanywa!

MUSSA: Ng'ombe yuko kwao, nyasi zao, pesa wamepokea. Mbweu yao.

TATU: Sasa chukua Norway. Wanachimba mafuta, wanauza karibu yote, yanachomwa kwa watu. Kwa sheria yako ya bomba, Norway ni malaika.

MUSSA: Aliyechoma ndiye aliyetoa. Siogopi kusema.

TATU: Umeongea kama balozi wao.

MUSSA: Na wewe kwa sheria yako, mwenye mtambo mbovu anakaa tu, anasema nawatengenezea wanunuzi, waulizeni wao. Nani atamgusa?

TATU: Atashindwa kuuza, kwa kuwa mnunuzi naye anahesabiwa.

MUSSA: Na nani atahesabu kila kikombe cha maziwa duniani?

TATU: Kuna watu wanaohesabu, kwa takwimu za biashara.

MUSSA: Kwa makadirio juu ya makadirio.

TATU: Na mbweu ya ng'ombe unaipima kwa rula? Yenyewe ni makadirio! Wanazidisha idadi ya ng'ombe kwa chakula anachokula.

MUSSA: [kimya kidogo] ...Hata hivyo ng'ombe wanahesabika.

TATU: Na ndege je? Safari za kimataifa hazimo kwenye jumla ya nchi yoyote, zinaandikwa pembeni. Bomba la ndege ni la nani, mwenye bomba?

MUSSA: Hilo... Naonyeshwa dakika mbili. Moja?

TATU: Moja.

MUSSA: Wasikilizaji, nilikuwa na karatasi nzima hapa ya maswali matano ya kuuliza chati yoyote.

TATU: Wataikuta wapi?

MUSSA: Hawaikuti. Misitu hatujaigusa kabisa, nimeipigia mstari mara mbili.

TATU: Wiki ijayo.

MUSSA: Wiki iliyopita pia ulisema wiki ijayo. Halafu yule mzee kanialika tena Jumanne, anasema nije na chati yangu.

TATU: Utaenda?

MUSSA: Nitaenda. Nitamuuliza yeye mbweu ni ya nani.

TATU: Muulize, lakini umwambie kwanza maziwa kauza.

MUSSA: Sitamwambia, utampotosha sha...

[Muziki]