Mwacheni Boone na Dubu, Tusome Hati

Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Na nyinyi vijana mliokuja kwa sababu mmesikia kuna pilau baadaye, hamjambo.

Naanza na lalamiko. Tangazo la mhadhara huu limebandikwa mlangoni, na juu yake ipo picha ya mtu mwenye kofia ya ngozi ya rakuni, yule mnyama mdogo wa Marekani mwenye mkia wa mistari, mkia unaning'inia kisogoni. Daniel Boone, mlowezi na mwindaji wa karne ya 18 tunayemzungumzia leo, hakuwa akivaa hivyo. Alivaa pama ya kawaida, na kofia za rakuni hakuzipenda. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka, na bado mwenye kuchapisha matangazo analeta rakuni.

Kuna atakayesema: mwalimu, kofia tu, ina ubaya gani? Ubaya wake huu hapa. Mtu akishavalishwa kofia hiyo anabaki wa porini peke yake: anaua dubu, anapigana, analala msituni. Mbunge hamuoni tena, wala sherifu, wala mpima ardhi, wala mdaiwa anayekimbia samansi. Mwenye watumwa ndiye anayefichika wa kwanza. Kwa hiyo mkinipa kipaza sauti nitasema lile lile: ukitaka kufuatilia maisha ya mlowezi wa zamani wa Marekani, anza na karatasi za ardhi, za kodi na za mahakama. Dubu atakuja mwenyewe.

Ya utotoni nayapitia mbio kwa sababu watoto wenu wanayasoma shuleni hapa Kentucky. Kazaliwa 1734 huko Pennsylvania, wazazi wa dhehebu la Kikristo la Quaker. Familia ikahamia bonde la Yadkin, North Carolina. Mwaka 1756 akamuoa Rebecca Bryan, wakapata watoto kumi. Alikuwa mwindaji wa ngozi za kulungu, na mwaka 1769 alipita Cumberland Gap, ile njia ya kupenya milimani, akaiona nchi hii. Imetosha.

Tuanze Mei 1775, maana hapo ndipo ninapompenda. Miezi miwili kabla, tajiri mmoja wa North Carolina, Richard Henderson, alikuwa amenunua nchi kubwa ajabu kutoka kwa baadhi ya wakuu wa Wacherokee, wenyeji wa asili, pale Sycamore Shoals. Si Wacherokee wote waliokubali. Kijana mmoja aliyeitwa Dragging Canoe alipinga waziwazi. Na Washawnee, wenyeji wengine ambao nao waliwinda huku, hakuna aliyewauliza. Henderson akamwajiri Boone afyeke njia, na watu kama 30 wenye mashoka. Wakafika mto Kentucky, wakaanza Boonesborough. Ngome yenyewe haijakamilika, wakafanya bunge! Chini ya mti mmoja mkubwa, wajumbe wa vituo vichache wakakaa kutunga sheria. Boone, huyu wenu wa dubu, akaleta miswada miwili: mmoja wa kuhifadhi wanyamapori, wa pili wa kuboresha uzazi wa farasi. Mwindaji ndiye anayesema tupunguze kuua wanyama, maana anajua nyama inavyokwisha walowezi wakishajazana mahali. Hilo hulikuti kwenye picha ya mlangoni.

Sasa ardhi. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Ununuzi wa Henderson ulibatilishwa na Virginia mwaka 1778, maana Virginia ilisema Kentucky ni yake. Kila aliyeahidiwa ardhi na kampuni ile, Boone akiwamo, akabaki na ahadi hewa. Mwaka uliofuata Virginia ikatunga sheria yake. Aliyekuwa amejenga na kulima mahindi huku kabla ya 1778 aliweza kudai ekari 400, na haki ya kununua 1,000 nyingine za kupakana nazo. Kwa masikio inapendeza. Lakini karatasi zilikuwa nne. Kwanza unapata hati ya kukuruhusu kutafuta ardhi. Pili unaandikisha mahali ulipopachagua. Tatu panapimwa. Nne, vipimo vinakwenda Virginia, hatimiliki inatoka. Ukiteleza kwenye moja, umekwisha.

Watu wengi walitelezea ya pili. Unaandikisha kwa maneno: kuanzia mwaloni mweupe uliotiwa alama, kando ya kijito fulani, kupanda juu hadi kwenye kilima. Mwaloni upi? Msitu mzima ni mialoni! Kijito kipi, wakati kijito kimoja kina majina matatu, kila mwindaji kakipa lake? Kule kaskazini ya mto Ohio serikali ilikuja kuamua, kwa sheria ya 1785, kupima kwanza miraba iliyonyooka ndipo iuze. Huku Virginia iliuza kwanza, upimaji ukafuata nyuma ukihema. Madai yakapandana, moja juu ya jingine juu ya jingine, chemchemi moja ina wenyewe wanne na wote wana karatasi.

Boone akawa mpima ardhi, na aliwapimia watu wengi. Vifaa vyake vilikuwa dira na mnyororo, vijana wawili wanauvuta huku na huku, wa tatu anachonga alama kwenye miti. Baridi, mvua, na hofu ya kupigwa risasi. Mistari mingine ilipimwa upesi upesi. Tena aliuza ardhi yake mwenyewe huku akimhakikishia mnunuzi kwamba hati ni safi. Hati ikianguka mahakamani, mnunuzi anarudi kwa nani? Kwa Boone. Analipa. Anauza kipande kingine ili alipe, na hicho nacho kinaanguka.

Naona mzee pale anatikisa kichwa: kwa hiyo alikuwa mjinga? Hapana, baba. Alijua kusoma na kuandika, ingawa herufi alizipanga atakavyo. Nchi hii aliijua kwa miguu kuliko wakili yeyote. Ila mahakama haikuuliza nani anaijua nchi. Iliuliza kama mgeni akipewa yale maandishi ataupata ule mwaloni. Waliokuja nyuma na maandishi makali zaidi wakawashinda waliotangulia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Boone ndiye mfano wangu wa kila siku. Hata hapa kwetu, ndani ya kaunti ya Fayette hii hii karibu na Athens, alianzisha makazi yanayoitwa Boone's Station; dai lake halikusimama, akahamisha familia.

Ndugu zangu, mnajua mawakili walivyoneemeka? Kijana Henry Clay alikuja Lexington mwaka 1797 akafungua uwakili katikati ya kesi hizo za ardhi. Nyumba yake ya Ashland mnapita mbele yake mkienda kazini.

Halafu lile la pesa. Mwaka 1780 watu walimkabidhi Boone fedha, karibu dola 20,000, azipeleke Williamsburg awanunulie hati. Njiani akalala kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi fedha hakuna. Aliyewahi kushika likelemba, yaani upatu, ya watu ishirini anajua tumbo linavyokuwa. Walikuwapo waliomsamehe. Walikuwapo waliodai senti yao ya mwisho, na ikamchukua miaka kuwalipa. Watu wengi wanaposimulia hili wanaishia hapo, kwamba masikini Boone aliibiwa. Mimi nataka mtazame tarehe. Mwezi Novemba mwaka huo huo Kentucky ikagawanywa kaunti tatu, Fayette mojawapo, na Boone akawa luteni kanali wa wanamgambo wake. Aprili 1781 watu wa Fayette wakamchagua kwenda Bunge la Virginia. Na kura za Virginia wakati huo hazikuwa za siri: unasimama mbele ya sherifu na watu wote, unataja jina la unayemtaka, mwandishi anaandika. Majirani wanasikia. Mtu aliyepotezewa fedha za watu mwaka uliopita, na jina lake linatajwa hadharani na linashinda. Hadithi kumi za dubu haziniambii alivyoaminika kama karatasi hiyo moja inavyoniambia.

Ubunge wenyewe ulianza kwa mkosi. Ilikuwa vita vya uhuru wa Marekani; Waingereza walikuwa wanakuja, wabunge wakakimbilia Charlottesville, na Juni 1781 askari farasi wa Tarleton, ofisa wa Kiingereza, wakamkamata Boone na wenzake kadhaa. Baada ya siku chache wakamwachia kwa ahadi. Mwaka 1782 akawa sherifu wa Fayette. Agosti 19 mwaka huo ndipo vita vya Blue Licks: yeye alionya kwamba ni mtego, wenye pupa wakavuka mto, na mwanawe Israel akauawa pale. Siku chache baadaye aliandika barua kwa gavana akiomba askari. Alichaguliwa tena kutoka kaunti ya Bourbon mwaka 1787, na mara ya tatu mwaka 1791 kutoka Kanawha, ambayo leo iko West Virginia. Kwa hiyo Kentucky ilipokuwa jimbo Juni 1792, yeye hakuwa tena mtu wa huku.

Sasa yupo anayenong'ona: umeahidi watumwa. Sijasahau. Kufikia 1787 Boone alikuwa na watumwa saba. Na barua yake kwa Henderson ya Aprili 1775, ile ya kutoa taarifa ya shambulio njiani, inamtaja Bwana Twitty kwa jina kwamba kauawa, na pamoja naye mtumwa wake. Jina la mtumwa hakuliandika. Ndiyo maana nasema karatasi zisomwe pia kwa yale zisiyoyasema. Tena mtazame Oktoba 1773. Boone alijaribu kwanza kuleta familia huku, na mwanawe James, kijana wa miaka 16, akauawa njiani pamoja na wengine. Tunajuaje alivyokufa? Palikuwa na mtumwa aitwaye Adam, alijificha kwenye magogo kando ya kijito, akaona yote, akarudi na kusimulia. Msiba mkubwa kabisa wa nyumba ya Boone tunao kupitia kinywa cha mtu aliyemilikiwa. Mchoraji wa sanamu hajamkumbuka Adam.

Kuna swali la Washawnee, nalo lilistahili mhadhara wake. Mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa ufupi: Februari 1778 walimkamata Boone akiwa na watu wake wanaochemsha chumvi Blue Licks. Mkuu wao Blackfish akamfanya mwana, akapewa jina Sheltowee. Juni akatoroka, maili 160 kwa siku nne. Septemba Boonesborough ikazingirwa. Baadaye maofisa wenzake wakamshtaki mahakama ya kijeshi kwamba aliwasaliti watu wake, akaachiwa huru na akapandishwa cheo. Ndiyo, huru. Wanaosema ilikuwa njama, tutazungumza kwenye pilau.

Na tafadhali, yale "maneno ya Boone mwenyewe" mnayoyanukuu ni ya mwalimu John Filson, aliyechapisha kitabu mwaka 1784 na kumwandikia kwa nafsi ya kwanza. Ukimsikia mwindaji anaongea kama mhitimu wa falsafa, ujue ni Filson.

Mwaka 1798 nautaka niumalize. Mwaka huo Boone alipuuza samansi ya kwenda kutoa ushahidi, ikatolewa hati ya kumkamata, sherifu hakumpata. Mwaka huo huo Bunge la Kentucky likaipa kaunti moja jina lake, Boone County. Serikali moja inamtafuta imfunge, na inamwandika kwenye ramani! Mwaka uliofuata akahamia Missouri, iliyokuwa chini ya Hispania. Wahispania wakampa ardhi na wakamfanya hakimu wa eneo la Femme Osage. Marekani ilipoinunua Louisiana, nchi kubwa iliyokuwa na Missouri ndani yake, hati zake zikakutwa hazijakamilika. Ndiyo, tena! Ardhi ikaenda. Mwaka 1809 akaliandikia Bunge la Marekani, likamjibu mwaka 1814, mwaka mmoja baada ya Rebecca kufa. Sehemu kubwa ya aliyorudishiwa akaiuza kulipa wadai wa Kentucky. Akafa Septemba 26, 1820, nyumbani kwa mwanawe Nathan.

Mifupa ilihamishiwa Frankfort mwaka 1845, na Missouri wanabisha kwamba Kentucky walichukua mifupa ya mtu mwingine. Mimi siingii.

Wenye kutaka kazi: hati za ardhi za wakati wa Virginia ziko Frankfort, na nyingi mnaweza kuzisoma kwenye simu hizo mnazochezea. Mtafute kwa Boone na kwa Boon, makarani waliandika vyote viwili, yeye mwenyewe aliweka e, na ndiyo sababu ile miti iliyochongwa "D. Boon" kaua dubu siiamini. Maswali.