JSS bila mwalimu wa sayansi: niliyowaambia maafisa wa elimu Kisumu

Hamjambo wote. Itifaki imezingatiwa, niingie moja kwa moja manake saa zimeenda, na mnanijua, hii stori ya JSS, yaani sekondari ya chini, gredi ya 7 hadi 9, iliyo ndani ya shule za primary, nimeisema kila mkutano na leo nitaisema tena.

Hawa watoto walioingia gredi ya 7 Januari 2023 ndio waliofanya KJSEA, mtihani wa kumaliza JSS, ya kwanza kabisa 2025, na Januari 2026 wakaingia gredi ya 10. Wameambiwa kuna njia tatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi ya jamii, na sanaa na michezo, na serikali inataka asilimia 60 waende STEM. Sawa, sipingi. Nauliza tu, mtoto wa Nyakach ama Seme atachagua fizikia akiwa ameiona wapi?

Kuna shule moja pande za Nyando niliingia gredi ya 8, somo ni sayansi, mwalimu kijana mzuri tu, ana bidii, lakini chuoni alisomea Kiswahili na CRE, somo la dini ya Kikristo. Simu iko mkono mmoja anasoma hapo, mkono ule mwingine anachora bansen bana, kile kichomeo cha gesi cha maabara, ubaoni, na watoto wananakili, kasichana fulani ka mbele kameupaka moto rangi ya kijani kwa sababu penseli ya rangi aliyokuwa nayo ni hiyo moja. Nikauliza darasa, nani ameshawahi kuona hii kitu ikiwaka? Hakuna aliyeinua mkono. Halafu ukitoka kwa geti ya hiyo shule uvuke barabara, kuna sekondari yenye maabara, gesi iko, mwalimu wa kemia yuko, na mchana huo mlango ulikuwa umefungwa kufuli!

Huyo kijana simlaumu hata kidogo. Alianza kama intaani, mwalimu wa mafunzo kazini, wa shilingi 20,000 kwa mwezi, amebeba masomo matano, mawili tu ndiyo aliyosomea. Kilichoniuma ni kwamba nilipouliza kwa ofisi ya elimu ya hapo niliambiwa, "hiyo shule iko sawa, ina walimu wanne wa JSS." Wanne wa nini? Hapo ndipo mimi na nyinyi hatuelewani. Fomu zetu zinahesabu vichwa, hazisemi nani anafundisha nini, kwa hivyo shule yenye walimu wanne wa historia kwenye karatasi iko sawa kabisa, na shule jirani ina wawili wa fizikia na hakuna wa Kiswahili, na hakuna mtu ameziweka hizo shule mbili pamoja akaziangalia.

Najua mtasema walimu ni wa TSC, tume inayoajiri walimu, katiba kifungu cha 237, sisi wa wizara mkono wetu haufiki hapo. Kweli. Lakini mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo si mnamjua kwa jina, si mnakutana naye kila wiki? Kaeni naye kabla shule zifunguliwe mwandike shule kwa shule, somo kwa somo. Mwingine atasema gari la ofisi halina mafuta. Hiyo pia ni kweli, ni aibu, na tutaendelea kuipigia kelele, lakini kumuuliza hedi walimu wake wamesomea nini hakuhitaji gari, piga simu.

Halafu kuna hedi wa sekondari anayesema watoto wa JSS watamvunjia vifaa. Wakivunja ilipwe! Kapitesheni, pesa ya serikali kwa shule, ya JSS ni shilingi 15,042 kwa mtoto kwa mwaka, ile ya primary ni 1,420, na najua inachelewa na inakuja vipande vipande, lakini ikifika bika na kemikali zitoke hapo. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja, siku gani, saa ngapi, nani anashika ufunguo, nani analipa kilichovunjika, bodi zote mbili zitie sahihi. Bila afisa kuwaita kwa meza moja hao mahedi hawatakaa wenyewe, kila mmoja analinda boma lake.

Nilikuwa na mengine, naona naonyeshwa saa. Mafuriko: Mto Nyando ukivunja kingo shule za Kano zinageuka kambi, na kila mwaka tunaanza kutafuta watoto watasomea wapi maji yakiwa tayari darasani, tafadhali shule ya kuwapokea ijulikane kabla ya Machi. Walimu wa JSS na mahedi wa primary kuvutana, hiyo inataka siku yake nzima. Gredi ya 10, fuateni wale wasioripoti kwa majina, muanze na wasichana, chifu anajua kila boma.

Lakini orodha ya walimu na masomo naitaka, na mkutano ujao nitauliza kila kaunti ndogo mbele ya watu. Haya, maswali, tuanze na wa Muhoroni ndio wanaenda mbali.