Kumi na Mbili, na Chungwa Linalogoma Kuingia

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo. Najua mlionisikia mwaka jana mnanong'onezana hapo nyuma, huyu na 12 yake tena. Ndiyo, tena.

Na sijaja kuwaambia mwaka una miezi 12, hiyo ipo kwenye kalenda. Nimekuja na machungwa, haya hapa kwenye mfuko, tuseme yote yamelingana. Weka moja katikati, halafu lizungushie mengine, kila moja lazima liliguse lile la kati. Yanaingia mangapi? Kwa sarafu ni rahisi, weka ya mia mbili mezani uizungushie za mia mbili zingine, zinaingia 6 zimebanana hata kucha haipiti, hamna ubishi. Chungwa sasa ni duara kila upande, hapo ndo watu wazima walipobishana. Ukipanga fungu kama wauza machungwa, la ndani kabisa linazungukwa na 6 ubavuni, 3 juu, 3 chini, jumla 12. Mwaka 1694 Isaac Newton akasema mwisho hapo, mwanahisabati mwenzake David Gregory akasema aah, la 13 linaingia.

Na Gregory hakuwa mjinga jamani! Maana yale 12 ukiyatawanya vizuri yanaachiana, hayagusani yenyewe kwa yenyewe, unaweza kuyatelezesha mpaka yakabadilishana nafasi na yote bado yanaligusa la kati. Sasa nafasi yote hiyo halafu la 13 ligome? Linagoma. Ni kama daladala saa kumi na mbili jioni, konda anakwambia sogea nyuma nafasi ipo, na kweli ipo, ila imekatika vipande vipande kwenye makwapa ya watu, utakaa wapi.

Uthibitisho kwamba Newton alikuwa sahihi ukaja 1953, wa wanahisabati Schütte na van der Waerden, piga hesabu, miaka 259. Kuna mtu ataniuliza, maana naulizwa kila mahali, si wangejaribu tu na machungwa yaishe? Mwanangu, ukijaribu ukashindwa, umeshindwa wewe, labda kesho anakuja mwenye mkono mwepesi. Inabidi uonyeshe kwamba hata mpangilio ambao hakuna aliyewahi kuuota nao hautoboi. Hiyo ndo hisabati, sio kukariri tebo ya 12 huku unachapwa.

Naona naonyeshwa saa. Haya haraka haraka. Vigawo vya 12 ukiiacha yenyewe: 1, 2, 3, 4, 6, jumlisha, 16! Imejizidi, na ndo namba ndogo kuliko zote inayofanya hivyo, 10 yenu mnayoisifia inaishia 8. Ndo maana madaftari ni dazani, mkiwa wawili, watatu, wanne, sita, mnagawana bila kugombana. Utasema mbona trei ya mayai ni 30, sawa, jumlisha vigawo vya 30 hivyohivyo upate 42 halafu uje tuongee.

Sasa irudishe na 12 yenyewe: vigawo viko 6, jumla yake 28, na 6 na 28 zote ni namba ambazo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinairudisha namba ileile. Namba ambazo idadi ya vigawo vyake na jumla yake zote mbili zinatoka hivyo, zinazojulikana ni mbili tu, 12 na nyingine ina tarakimu 76, siiandiki, ubao hautoshi. Nilitaka nigusie na mambo ya saa, tuache.

Machungwa ni 14, gawaneni 13. Hilo lililokosa nafasi nakula mwenyewe.