Mto Tana na Mashamba Yanayoufuata

Asante, bwana mwenyekiti. Wazee wetu, shikamooni. Ninyi wengine, hamjambo.

Nimeombwa nieleze kilimo cha Kaunti ya Tana River kilikotoka. Nitaanza na tope.

Mto Tana ukifika Garsen umeshabeba udongo wa Mlima Kenya na Aberdare. Desturi yake ni kufurika mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Maji yakishuka, Mpokomo, mkulima wa kandokando ya mto, hushuka nayo, anapanda mpunga tope likiwa bado linanata nyayoni. Na mashamba yenyewe hayakukatwa miraba. Yalikatwa membamba, marefu, kutoka ukingoni hadi bondeni: juu migomba na miembe, kisha mahindi, chini kabisa mpunga. Mafuriko yakizidi, mpunga unazama ila ndizi zipo. Kila mwenye shamba ana kipande cha kila udongo. Mimi sijaona ramani ya mhandisi iliyoishinda hesabu hiyo.

Waorma, wafugaji majirani zao, nao wana ng'ombe. Kiangazi kikikaza huwaleta mtoni kupitia malka, yaani njia za mifugo kufikia maji. Ukilima juu ya malka umetafuta ugomvi. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 walikufa watu zaidi ya mia moja, ingawa siasa za uchaguzi nazo zilichochea moto huo.

Sasa twende mji wa Hola, kando ya mto huohuo. Mradi wa kumwagilia mashamba ulianza 1953, wakati wa hali ya hatari, kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu waliokataa kufanya kazi walipigwa marungu na askari, wakafa 11. Serikali ya kikoloni ikatangaza kwanza kwamba wamekufa baada ya kunywa maji. Maji! Kando ya mto uleule.

Baada ya uhuru mradi uliendelea, pamba ikavunwa. Kisha 1989 mto ukahama. Tana haukuomba ruhusa ya mtu: ulikata mkondo mwingine, ukaiacha pampu inatazama mchanga. Mpokomo mto ukimhama hubeba jembe na mtumbwi akaufuata. Pampu ya saruji itaufuata vipi?

Mabwawa ya juu yamelegeza mafuriko, hasa Masinga lililokamilika 1981, na yule wa mpunga wa bondeni hushinda akiyangoja maji yasiyofika. Hapo hapo Bura, mradi mwingine wa kumwagilia, ilikuwa ikijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wakulima wakaletwa kutoka pembe zote za Kenya kulima pamba. Wote hao walihitaji kupika, na msitu wa mtoni ni mwembamba. Basi ikaletwa miche ya mathenge, mti wa miiba wa kigeni, iwe kuni.

Kuni zilipatikana, tena kupita kiasi. Mathenge uliruka mipaka ya mashamba, ukaingia mifereji, ukafunga hata malka.